Kontena la Programu na Klasta za Kompyuta: Historia Yake Ikitazamwa kutoka Bunia

Mwezi Septemba 1976 ndege ya abiria iliondoka Kinshasa kwenda Ubelgiji ikiwa na chupa ya chai miongoni mwa mizigo yake. Ndani ya chupa hiyo hamkuwa na chai. Mlikuwa na vichupa vya damu ya mtawa mmoja aliyeugua katika misheni ya Yambuku, kaskazini mwa nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Chupa ilipofunguliwa katika Chuo cha Tiba ya Nchi za Joto cha Antwerp, barafu ilikuwa imeyeyuka na kichupa kimoja kilikuwa kimevunjika. Kutokana na damu iliyosalia, pamoja na sampuli zilizopelekwa Uingereza na Marekani, ulimwengu ulipata kukijua kirusi cha Ebola. Watu wa Yambuku hawakuwa na namna ya kukagua lolote lililofanyika katika maabara hizo. Kilichopima na kilichohesabu kilikuwa ng'ambo, nacho kilichoweza kusafiri kilikuwa damu tu.

Takriban miaka 42 baadaye, tarehe 1 Agosti 2018, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilitangaza mlipuko wake wa kumi wa ugonjwa huo huo. Ulianzia Mangina, Kivu ya Kaskazini, ukapanda hadi Ituri: Mandima, Mambasa, Komanda, Nyankunde, Rwampara, Tchomia kwenye ufuko wa Ziwa Albert, na mji wa Bunia wenyewe. Kabla haujatangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, ulikuwa umewapata watu 3,470 na kuwaua 2,287. Katika mlipuko huo jenomu 744 za kirusi zilisomwa, nazo, pamoja na zile zilizokuwa zimepatikana awali, ni karibu asilimia 24 ya wagonjwa waliothibitishwa kwa vipimo vya maabara. Zilisomwa nchini Kongo, Kinshasa na Katwa, chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Kibiolojia na Tiba, INRB.

Tofauti baina ya miaka hiyo miwili aghalabu huelezwa kwa kutaja mashine za kusomea jenomu, ambazo zimepungua umbo hata zikaingia mkobani. Upande wa pili haujasimuliwa sana kwa Kiswahili, nao ni namna programu za kukokotolea zilivyopata kusafiri. Makala haya yanafuatilia historia ya chombo kimoja, yaani kontena la programu: lilivyozaliwa, lilivyozuiliwa kwenye mlango wa klasta, na lilivyoruhusiwa kuingia. Kisha yanatazama lina maana gani kwa mtafiti aliyeko katika mji ulio mbali na klasta kubwa.

Jina na asili ya wazo

Neno kontena si geni Ituri. Bidhaa zitokazo Mombasa hupita Malaba na Kampala, zikaingia Kongo kwa Mahagi na kuteremka hadi Bunia. Mwenye mali hahitaji kujua meli ilikuwa ya nani wala lori ni la aina gani, maadamu kisanduku kile cha chuma hukaa sawasawa juu ya vyote viwili. Mfumo huo huhesabiwa kuanza tarehe 26 Aprili 1956, pale meli Ideal X ya Malcom McLean ilipong'oa nanga Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kabla ya hapo shehena ilipakiwa na kupakuliwa gunia kwa gunia, begani mwa wachukuzi. Docker, programu iliyolieneza kontena katika ulimwengu wa kompyuta, imechukua jina la Kiingereza la mchukuzi huyo wa bandarini. Hii ni kejeli ya historia: mtu aliyenyang'anywa kazi na kontena la chuma amepewa heshima ya kuwa jina la kontena lisilo na chuma.

Wapo watakaopendelea kasha au chombo mahali pa kontena. Hoja yao ina uzito kwa upande wa usanifu, lakini kasha humkumbusha msomaji kitu kinachokaa chumbani, ilhali kinachotakiwa hapa ni kisanduku kinachohamishwa kutoka chombo kimoja cha usafiri hadi kingine bila kufunguliwa. Sifa hiyo imo katika kontena la bandarini, na mwanafunzi wa Bunia ameiona kwa macho barabarani. Kazi za awali za istilahi za kompyuta, kama ule mradi wa KiLinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, zilielekezwa kwenye programu za ofisini. Lugha ya kompyuta za utafiti bado inahitaji wa kuishughulikia.

Programu ya kisayansi haijitegemei. Hutumia maktaba za programu nyingine, na kila maktaba ina matoleo yake. Toleo likibadilika, programu inaweza kugoma. Hatari kubwa zaidi ni kwamba inaweza kukubali kuendelea na kutoa jibu jingine. Kontena hukusanya programu pamoja na vyote inavyovitegemea, isipokuwa kiini cha mfumo endeshi, ambacho huazimwa kwa kompyuta mwenyeji. Kwa sababu haliburuti mfumo mzima nyuma yake, ni jepesi na huanza kazi kwa muda mfupi.

Mizizi ya ufundi huu ni ya zamani. Mwaka 1979 Unix, katika toleo lake la saba, ilipata amri ya kuifanya programu ione sehemu moja tu ya mafaili kana kwamba ndiyo kompyuta nzima. Mwaka 2000 mfumo wa FreeBSD uliuendeleza uwezo huo na kuuita gereza. Linux ilianza kuongezewa uwezo wa namna hiyo mwaka 2002, na mwaka 2008 ikapokea kazi ya wahandisi wa Google ya kugawa kumbukumbu na prosesa kwa vipimo. Hivyo Solomon Hykes alipoionyesha Docker mwezi Machi 2013, katika mkutano wa watumiaji wa lugha ya Python huko Santa Clara, California, vipande vikuu vilikuwa tayari vipo. Alichokileta ni wepesi: mtu aandike maagizo machache, kontena lijengwe, na mwingine alipakue na kulitumia bila kurudia usumbufu wa kulijenga.

Mlango uliofungwa

Klasta ni kundi la kompyuta zilizofungwa pamoja ili zifanye kazi moja. Kielelezo kinachotajwa sana ni Beowulf, iliyoundwa mwaka 1994 na Thomas Sterling na Donald Becker katika kituo cha Goddard cha NASA kwa kuunganisha kompyuta 16 za kawaida kwa nyaya za mtandao. Tangu hapo uwezo mkubwa wa kukokotoa haukuwa tena mali ya wale tu walioweza kununua mashine moja ya bei isiyotamkika. Hata hivyo klasta ni nyumba ya wapangaji wengi. Kila mtumiaji ana akaunti yake. Kazi zake huingia katika foleni inayosimamiwa na programu kama Slurm. Na mamlaka ya msimamizi mkuu hayako mikononi mwa mpangaji yeyote. Anayetaka programu mpya humwomba msimamizi. Msimamizi naye ana programu za watu wengine za kulinda, na toleo linalomfaa mmoja huweza kuharibu kazi ya jirani.

Kwa mtu wa namna hiyo Docker ilionekana kama ukombozi, lakini ilikataliwa katika klasta nyingi, na kukataliwa kwake kulikuwa na haki. Jinsi ilivyoundwa, ilitegemea huduma iliyoendeshwa kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Aliyeruhusiwa kuiamuru huduma hiyo angeweza, kwa hila kidogo, kufungua mafaili ya kila mtu. Ilikuwa sawa na kumkabidhi mpangaji wa chumba kimoja funguo za nyumba nzima. Kwa kampuni inayoendesha kompyuta zake yenyewe jambo hilo linavumilika; kwa kituo chenye mamia ya watafiti wasiojuana halivumiliki.

Ufumbuzi ulitoka katika vituo vyenyewe. Mwaka 2015 kituo cha NERSC huko Berkeley kilitangaza Shifter, iliyoyapokea makontena ya Docker na kuyageuza yatumike bila huduma ile. Mwaka 2016 Gregory Kurtzer, wa Maabara ya Taifa ya Lawrence Berkeley, akatoa Singularity. Kanuni yake inaweza kusemwa kwa sentensi moja: mtu awe ndani ya kontena yule yule aliyekuwa nje. Asiye na mamlaka nje hayapati ndani. Kurtzer, Vanessa Sochat na Michael Bauer waliieleza kazi hiyo katika jarida la PLOS ONE mwaka 2017, na mwaka huo huo maabara ya Los Alamos ikaeleza mfumo wake, Charliecloud, wenye shabaha ya aina hiyo. Singularity ndiyo iliyoenea zaidi. Mwezi Novemba 2021 mradi wake ulihamia chini ya Linux Foundation na kuitwa Apptainer, ingawa tawi jingine lilibaki na jina la kwanza, jambo linalowachanganya wanafunzi hadi leo.

Jambo moja dogo katika historia hii lina uzito kuliko linavyoonekana. Kontena la Singularity ni faili moja, na toleo la tatu la mwaka 2018 liliimarisha hali hiyo kwa kuweka umbizo maalumu, SIF. Kwenye klasta faida yake ni dhahiri. Programu iliyoandikwa kwa Python hufungua maelfu ya mafaili madogo kabla ya kuanza kazi. Kompyuta mia tatu zikifanya hivyo kwa pamoja, ghala la mafaili wanalolitumia wote huzidiwa na maswali. Faili likiwa moja, maswali hayo hupungua. Faida ya pili haikulengwa na vituo vya Berkeley: faili moja hunakiliwa kwenye diski, likatiwa mfukoni.

Ushahidi wa kwamba usumbufu wote huu si wa bure ulitolewa mwaka 2017 na Paolo Di Tommaso na wenzake wa Barcelona, katika makala yaliyoutambulisha mfumo wa Nextflow katika Nature Biotechnology. Miongoni mwa mifano yao ulikuwamo uchambuzi wa jenomu ya Leishmania infantum, mmoja wa jamii ya vimelea visababishavyo kalazaa. Data ilikuwa ile ile, na programu zilikuwa zile zile. Ila mashine zilizotumia mifumo endeshi tofauti zilitoa hesabu zilizotofautiana kidogo. Kazi ilipowekwa ndani ya kontena, tofauti hizo zilitoweka. Hakuna aliyekosea, na hilo ndilo la kutisha.

Pretoria, 2016

Afrika haikungoja iletewe. H3ABioNet, mtandao wa bioinfomatiki ulioanzishwa mwaka 2012 na kuratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town chini ya Nicola Mulder, uliwakutanisha wanachama wake katika Chuo Kikuu cha Pretoria mwezi Agosti 2016. Kazi ilikuwa kuunda minyororo minne ya ukokotoaji wa jenomu itakayotumika katika nchi zote za mtandao. Tatizo lilikuwa kwamba vituo havikufanana. Kimoja kilikuwa na klasta, kingine seva moja, na baadhi vilitegemea kompyuta za kukodi. Washiriki waliweka programu zao ndani ya makontena ya Docker na kuziunganisha kwa lugha za kupangia kazi, Nextflow ikiwa mojawapo. Baadaye Singularity ikaongezwa katika minyororo ya namna hiyo kwa ajili ya klasta.

Inafaa kutenganisha haja hizi mbili, kwa kuwa maandishi mengi huzichanganya. Berkeley kulikuwa na mashine kubwa mno na wapangaji wengi mno. Swali lilikuwa usalama. Katika mtandao wa Kiafrika mashine zilikuwa chache na za kila namna, na swali lilikuwa ulinganifu: je, jibu la Kampala na jibu la Cape Town yanaweza kuwekwa katika jedwali moja? Chombo kimoja kiliyajibu maswali yote mawili, lakini hakikubuniwa kwa ajili ya la pili.

Mti wa kirusi

Jenomu ya kirusi cha Ebola ina herufi zipatazo 19,000. Kirusi kinapopita kutoka mtu hadi mtu, herufi moja moja hubadilika, na kwa kulinganisha mabadiliko hayo mchambuzi huchora mti unaoonyesha nani yumkini yuko karibu na nani katika mnyororo wa maambukizi. Kwa mlipuko wa 2018 hadi 2020 kazi hiyo ilitumia pia mfumo wa Nextstrain, na hatua za ukokotoaji ziliwekwa hadharani kwa jina la INRB. Ndani ya Nextstrain zimo programu kadhaa zilizoandikwa na watu tofauti: MAFFT ya kupanga jenomu sambamba, IQ-TREE ya kujenga mti, TreeTime ya kukadiria tarehe. Kila moja ina matoleo yake. Kwa sababu hiyo waundaji wa Nextstrain husambaza zote zikiwa zimefungwa ndani ya kontena la Docker, na baadaye wakaweka njia ya kulitumia kwa Singularity.

Isidhaniwe kwamba kila mti wa Ebola hudai klasta. Kirusi hiki ni kifupi, na kompyuta ya mezani iliyo nzuri huutosha mti wa jenomu mia kadhaa. Klasta huhitajika pale panapokuwa na jenomu za binadamu, za mbu au za mifugo, ambazo ni ndefu mara maelfu. Thamani ya kontena ni kwamba mchambuzi anaweza kulijaribu kwa data kidogo kwenye mashine yake, kisha akalipeleka kwenye klasta lilivyo.

Uhakika wa hesabu hizo haukuwa jambo la wataalamu peke yao. Mlipuko ulipiga mahali palipokuwa na vita, na wakazi wengi hawakuamini kilichosemwa na waliokuja kuwahudumia. Usiku wa kuamkia 28 Novemba 2019 wahudumu wa mapambano dhidi ya Ebola waliuawa Biakato, katika eneo la Mandima, Ituri. Miezi hiyo hiyo kulitokea mnyororo mpya wa maambukizi uliofikia wagonjwa 91. Ulinganisho wa jenomu, uliochapishwa mwaka 2021 na Placide Mbala-Kingebeni na wenzake, ulionyesha kwamba chanzo hakikuwa mnyama wa msituni: kilikuwa ugonjwa uliomrudia mtu aliyekuwa amepona miezi sita nyuma. Hukumu kama hiyo husimama juu ya tofauti za herufi chache, na inawahusu wote waliopona, namna watakavyofuatiliwa na namna watakavyotazamwa na majirani. Kijiji kikiuliza imejulikanaje, haitoshi kujibiwa kwamba kompyuta imesema. Pawepo uwezekano wa mtu mwingine, asiyekuwamo katika kazi ya kwanza, kuirudia hesabu yote na kupata jibu lile lile.

Kutoka Bunia

Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,700 kutoka Bunia kwa mstari ulionyooka. Kampala iko takriban kilomita 300. Kwa hesabu hiyo ya masafa, msaada wa karibu kwa mtafiti wa Ituri uko Uganda, ambako Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Chuo Kikuu cha Makerere ina kituo cha bioinfomatiki, na Nairobi, ambako Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, huendesha klasta yake. Mbali zaidi, Cape Town, mashine iitwayo Lengau, neno la Kisetswana lenye maana ya duma, ilizinduliwa mwaka 2016. Kontena haliujengi umeme. Ituri ina mtambo wa maji wa Budana kwenye mto Shari, lakini ulijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya migodi ya dhahabu ya Kilo, si kwa ajili ya vyuo.

Yapo na mengine ambayo kontena haliyatatui, na wanaolisifu hupenda kuyaruka. Lililojengwa kwa prosesa za jamii ya Intel halifanyi kazi moja kwa moja kwenye prosesa za jamii ya ARM. Kwa kuwa kiini huazimwa, mwenyeji mwenye kiini kikuukuu mno huweza kulikataa. Kazi inayotumia kompyuta nyingi kwa wakati mmoja hutegemea mfumo wa kupashana ujumbe uitwao MPI, na ule wa ndani ya kontena sharti upatane na ule wa klasta. Hapo ndipo wengi hupoteza siku zao. Zaidi ya hayo, ghala zinazohifadhi makontena ni za kampuni za ng'ambo. Mwezi Novemba 2020 ghala la Docker Hub liliweka kikomo kwa wasiojiandikisha: mara 100 kwa kila saa sita, wakihesabiwa kwa anwani ya mtandao. Chuo kizima kinachotumia anwani moja kilihesabiwa kuwa mtu mmoja. Uamuzi huo haukukusudiwa dhidi ya yeyote barani Afrika. Uliwabana tu wale ambao tayari walikuwa wakigawana kidogo.

Faili la kontena huwa la ukubwa wa megabaiti mia kadhaa, na mara nyingine hupindukia gigabaiti kadhaa. Kwa anayenunua intaneti kwa mega, kulipakua ni gharama, na likikatika katikati huenda akaanza upya. Lakini faili hilo hilo linaweza kupakuliwa Kampala, likavuka Ziwa Albert hadi Kasenyi au likapita Mahagi ndani ya diski, na kufika Bunia bila mtandao. Anayelipokea huamuru kompyuta itoe alama ya faili, mfuatano wa tarakimu na herufi 64, na kuulinganisha na ule uliotangazwa na mjenzi. Biti moja ikiwa imeharibika njiani, mifuatano hiyo haitalingana, naye atajua kabla hajaanza kuhesabu chochote.